Shangazi wa Jukwaani: Harusi Tatu, Jumamosi Moja

Barua za mwezi huu zimejaa mezani mpaka zimefunika vitambaa vya wateja, na karibu zote zinalia kilio kimoja cha muda. Wapiga vyombo, waimbaji, washereheshaji, kila mtu anasema siku hazimtoshi. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mwimbaji wa bendi hapa Tabora, nasherehesha kichen pati, na katikati ya wiki utanikuta Isevya kwenye cherehani yangu. Haya, tuanze.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Urambo na ni mpiga besi. Ijumaa jioni napanda gari kuja Tabora mjini kwenye mazoezi ya bendi. Jumamosi tunapiga harusi. Jumapili asubuhi natakiwa kinandani kanisani, na jioni narudi Urambo kusahihisha madaftari. Nina nyimbo zangu kwenye simu, hakuna hata moja iliyofika studio. Mchumba wangu anasema nimeshaoa, nimeoa bendi. Naomba unisaidie kupanga ratiba ya wiki. – Mpiga besi, Urambo

Marahaba mwanangu. Ratiba ya wiki tuiweke pembeni kwanza, maana ndiyo inayokutesa. Umepanga na kupangua wiki mpaka umechoka, wakati kazi yetu inaendeshwa na mwaka. Nunua kaunta buku, fungua kurasa mbili zinazotazamana, chora miezi kumi na miwili. Kisha andika mambo ambayo hayaombi ruhusa yako: mvua, tumbaku, mifungo na shule.

Anza na tumbaku, wewe uko Urambo, hilo unalijua kuliko mimi. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge hapeleki mahari Januari. Januari yuko shambani, na hela yake iko ardhini. Masoko yakishafunguliwa na malipo yakianza kuingia kupitia chama cha msingi cha ushirika, ndipo kamati za harusi zinapozaliwa. Kwa hiyo kuanzia katikati ya mwaka hadi Septemba ndiyo mavuno yetu na sisi. Mvua huku kwetu ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na sherehe ya turubai uani haipendi mvua. Hayo mawili peke yake yameshakugawia mwaka.

Halafu mifungo. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, na mwaka 2026 ikawa hivyohivyo. Kwa mji kama Tabora maana yake harusi za Waislamu zilisimama na za Wakatoliki zikasimama, kwa mpigo mmoja. Bendi nyingi zilikaa zinalalamika njaa. Lakini mtu aliyechora miezi yake alikuwa ameshaiona njaa hiyo inakuja. Alijua mwezi wa mlisho watu wangegombania tarehe, wote wanataka kuoa kabla ya mfungo, akakusanya. Alijua Mfungo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, na baada ya Pasaka simu zingeanza tena. Katikati hapo akaingia studio. Prodyuza naye anakuwa hana wateja, bei inazungumzika, na hakuna anayekugongea mlango kwamba muda wako umeisha. Nyimbo zako za kwenye simu zina mwezi wake, mwanangu, na huo ndio mwezi wake. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo usikariri. Kila Desemba chora upya.

Weka na shule. Likizo ya Juni inakukuta soko la tumbaku limechangamka, hilo ni pato. Likizo ya Desemba ina sherehe mpaka basi. Ila kama unafundisha darasa la saba, Agosti yote iandike kwa wino mwekundu, maana mtihani wa taifa ni Septemba na wale watoto hawana mwalimu mwingine. Mwambie kiongozi wa bendi mapema, sasa hivi, siyo wiki ya mtihani. Mpiga besi wa akiba anapatikana ukimtafuta miezi mitatu kabla. Ukimtafuta Alhamisi unapata anayejifunza.

Kanisani tafuta kijana, mkalishe kinandani, mfundishe nyimbo tano za misa. Tano tu. Baada ya miezi michache mtapokezana Jumapili. Kuna watu kwenye kwaya wanadhani kupokezana ni kupunguza imani. Wasikilize kwa heshima, kisha endelea kumfundisha kijana.

Na usijione mzembe. Wazee waliotutangulia walikuwa na mpango mwingine wa maisha. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz ya polisi wenyewe. Mpiga gitaa kwenye bendi hizo alikuwa mwajiriwa. Vyombo si vyake, gari la kubebea vyombo si lake, na mwisho wa mwezi kuna bahasha. Kazi yake ilikuwa kupiga gitaa. Wewe leo unapiga besi, unabeba spika, unapokea simu za wateja, unadai madeni, unapiga picha za kutangaza bendi, na Jumatatu unafundisha hesabu. Hizo ni ajira sita. Kabla hujajilaumu kwa kukosa muda, angalia ni ipi kati ya hizo mnaweza kumpa mtu mwingine kwenye bendi. Kwetu simu za wateja anapokea mpiga tumba, kwa sababu ana subira, na mimi sina.

Mchumba sikumsahau. Mwonyeshe hizo kurasa mbili, mwachie kalamu, achague Jumapili zake kabla bendi haijachagua. Ukimletea ratiba iliyokwisha kujaa atakuwa na haki ya kusema alichosema.

Shangazi, habari za kazi. Naimba bendi hapa Kigoma, nakaa Mwanga. Nina mtoto wa miezi minne. Mume wangu hana neno, ila mama mkwe anasema mwanamke anayenyonyesha hatoki usiku. Kiongozi wa bendi naye amesema nisiporudi mwezi huu nafasi yangu inachukuliwa. Nimegawanyika vipande viwili. – Mama wa Mwanga

Hongera kwa mtoto, na pole kwa hivyo vipande.

Tuanze na kiongozi. Usimwambie narudi au sirudi. Mwambie unarudi na seti ya kwanza. Ukumbi ukianza saa mbili usiku, wewe unaimba mpaka saa nne, unashuka, unaondoka. Malipo yapungue kidogo, hilo ulikubali bila kinyongo. Bendi yenye akili itakubali, kwa sababu seti ya kwanza ndiyo wazazi wa pande zote mbili bado wamekaa na wanasikiliza. Baada ya saa nne ni miguu tu, hata mwenye sauti ya kawaida anafaa.

Maziwa: kamua kabla ya kutoka, weka kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto letu, yasikae nje zaidi ya masaa manne. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo, taratibu. Anayekaa naye ajifunze mchana, asianze kujaribu usiku wakati mtoto analia. Na ukifika ukumbini, kamua tena chumba cha kubadilishia nguo kabla hujapanda. Hili nalisema kama fundi cherehani: maziwa yakijaa katikati ya wimbo, gauni la satini halifichi kitu. Vaa kitenge chenye maua makubwa, weka na kitambaa cha pamba ndani. Nimewashonea waimbaji wawili watatu magauni yenye zipu ya pembeni kwa ajili hiyo, na hakuna mgeni aliyewahi kuiona.

Mama mkwe sasa. Mara nyingi mama mkwe akisema usiku, anamaanisha nani anakurudisha. Yeye anaona giza, bodaboda asiyemjua, na mwanawe anaulizwa maswali na majirani. Kwa hiyo tafuta dereva mmoja wa bajaji, mtu mzima, anayejulikana mtaani, awe huyohuyo kila mara, shughuli iwe Ujiji au Bangwe. Namba yake mama awe nayo kwenye simu yake mwenyewe. Nauli ya kurudi iwe kwenye makubaliano ya bendi, isitoke kwenye posho yako. Siku moja ya mazoezi, mchana, mchukue mama na mjukuu muende wote. Akishaona kwamba mazoezi ni watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wanarudia mstari mmoja mara ishirini, nusu ya hofu itaisha. Malipo ya kwanza, doti ya kanga. Usiite rushwa. Yeye ndiye atakayekuwa anambembeleza mtoto saa tatu usiku wakati wewe unapigiwa makofi.

Na kiongozi akikataa yote hayo, mwache ampe mwingine. Waimbaji wazuri ni wachache kuliko bendi. Atapiga simu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni MC na pia naimba, niko Nzega. Jumamosi iliyopita nilikuwa na shughuli tatu: kanisani asubuhi niliimba, mchana nikasherehesha sendofu, usiku nikasherehesha na kuimba kwenye harusi. Jumapili nimeamka sauti imekatika kabisa. Bibi ananimezesha mayai mabichi na asali. Rafiki yangu anasema kipimo kimoja cha pombe kali kitaifungua. Jumamosi hii nina nyingine na advansi nimeshakula. – Bubu wa Nzega

Marahaba. Asali ya Tabora nitaitetea mbele ya mtu yeyote, lakini hapa tuelewane. Unachokimeza kinapita kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa. Yai likifika kwenye nyuzi za sauti, utakuwa umepaliwa, na hapo tatizo ni lingine. Asali inatuliza koo, inaleta mate, basi. Mayai mwambie bibi ayakaange. Pombe inakausha, tena inakufanya usisikie maumivu, ukaongeza kelele juu ya kidonda.

Dawa ni kunyamaza. Na kunyamaza ni kunyamaza kweli: kunong'ona nako kunazichosha nyuzi, kwa hiyo usimnong'oneze hata mume. Andika kwenye simu umwonyeshe. Kunywa maji siku nzima, kidogokidogo. Jioni chemsha maji, yaepue, jifunike kanga, vuta mvuke kwa upole, na ukae mbali na moshi wa jikoni. Usikohoe kusafisha koo kila dakika kutafuta kama sauti imerudi. Kila ukikohoa hivyo unaikwangua. Na sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, acha kuniandikia mimi, nenda hospitali wakupeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama unakohoa damu, unashindwa kumeza au unapumua kwa shida, usingoje hata siku tatu.

Jumamosi hii hupandi. Advansi uliyokula utaifanyia kazi kwa njia nyingine: leo hii tafuta MC mwenzako, mpe kazi, mpe na fedha iliyobaki, mpigie mwenyekiti wa kamati umweleze (mwombe mtu apige, wewe umenyamaza). Kamati zinasamehe taarifa ya Jumatano. Taarifa ya Jumamosi saa kumi hazisamehe.

Sasa nikuambie kilichokukata sauti, maana wewe unadhani ni kuimba. Kuimba kunaweza kukuchosha, lakini mtu aliyefundishwa na kwaya anaimba kwa pumzi ya tumboni. Kinachoua ni kusema. MC anasimama na jenereta nyuma ya ukuta, spika zinatazama wageni, yeye hajisikii, basi anapiga kelele kwenye kipaza sauti kama anaita ng'ombe. "Meza namba nanee!" Saa tano mfululizo. Kabla ya shughuli nenda kwa fundi mitambo, tena nenda na soda mkononi, mwombe spika moja ndogo ikugeukie wewe. Ukijisikia, utasema kwa sauti ya kawaida na ukumbi wote utakusikia, ndiyo kazi ya umeme. Akikuambia hana, kaa pembeni ya spika kubwa, siyo nyuma yake. Mpiga kinanda naye mwambie akupigie kwa ufunguo wa chini kidogo usiku ukishakomaa. Wimbo ulioupanda vizuri saa tatu, saa sita unakudai.

Na kwenye shughuli moja chagua, unasherehesha au unaimba. Ukiulizwa vyote viwili, bei iwe ya watu wawili, na umchukue mtu wa pili. Shughuli tatu kwa siku moja ni hesabu inayopendeza kwenye karatasi: unajumlisha laki na laki. Hujatoa nauli, hujatoa nguo tatu, hujatoa wiki mbili utakazokaa bubu. Mimi kanuni yangu ni moja ya mchana na moja ya usiku, na ile ya mchana iwe ya kukaa. Kichen pati inafaa, akina mama wanajiimbia wenyewe.

Kula kabla hujatoka nyumbani, hilo nalisema kwa wote. Ugali saa kumi na moja jioni, au hata michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kwenye mkoba. Ukumbini chakula cha bendi kinakuja mwisho, na anayeimba na njaa anaimba na koo tupu.

Shangazi, tusuluhishe. Bendi yetu iko Kaliua, tuko saba. Mwimbaji wetu akitunzwa fedha ukumbini anaweka mfukoni zote, anasema zimetolewa kwa sauti yake. Sisi wapiga vyombo tunabaki tunamwangalia. Mwezi uliopita mpiga solo alizima gitaa katikati ya wimbo. Nani ana haki? – Wapiga vyombo sita

Mpiga solo aliyezima gitaa apigwe faini, hilo halina mjadala. Bwana harusi hakuhusika na ugomvi wenu.

Nikija kwenye fedha, mimi ni mwimbaji na nitawakasirisha waimbaji wenzangu. Tazama kinachotokea. Wimbo unafika pale pa kutaja majina. Shangazi wa bibi harusi anainuka mezani, anakuja kwa madaha, ana noti za elfu moja mkononi amezikunjua kama karata. Anabandika ya kwanza kwenye paji la uso la mwimbaji, ya pili begani, anazunguka, anarudi. Amenogewa na nini? Na jina lake, ndiyo, ambalo mwimbaji alilitaja vizuri. Lakini aliinuka kiti pale tumba zilipoongezeka na solo ikaanza kulia. Mwimbaji akisimama peke yake mbele ya shangazi yule bila vyombo, atapewa pole.

Kwetu tuna beseni la plastiki mbele ya jukwaa. Fedha zote za kutunzwa zinaanguka humo, na mtu mmoja ambaye si mwimbaji analichunga. Nusu ni ya mwimbaji aliyekuwa anaimba wakati huo, nusu ya pili inagawanywa sawasawa kwa wengine. Chukua mfano: limeingia laki moja na ishirini. Elfu sitini mwimbaji. Elfu sitini nyingine kwa ninyi sita, elfu kumi kila mtu. Kwa nini nusu yote apewe yeye? Kwa sababu gauni ananunua mwenyewe, saluni analipa mwenyewe, na majina ya ukoo mzima wa watu wasiomhusu amekaa ameyakariri tangu Ijumaa. Fedha iliyotolewa kwa mtu kwa kumtaja, mgeni akamfuata mpiga solo akamwekea kwenye kola, hiyo ni ya mpiga solo, haiingii beseni.

Mhesabu wote mkiona, kabla ya kupanda gari. Kesho yake hesabu haiaminiki tena. Na andikeni utaratibu huo kwenye karatasi mkasaini, hata kama ninyi ni ndugu, hasa kama ninyi ni ndugu. Nimeona bendi zikikosa mazoezi mwezi mzima kwa ugomvi wa noti za elfu mbili. Mnaniandikia muda hautoshi, kumbe mazoezi ya Jumanne na Alhamisi yameliwa na kikao cha usuluhishi.

Advansi pia, maana najua swali hilo linafuata: nusu siku ya kuandika tarehe, nusu iliyobaki kabla vyombo havijashushwa kwenye gari. Mkishafunga spika, kamati inakuwa na mambo mengine.

Shangazi, nina miaka 21, naimba bongo fleva, niko Kasulu. Nihamie Dar? – Kijana wa Kasulu

Nenda ukiwa na sababu yenye jina: studio fulani, mtu fulani anayekungoja, shoo iliyothibitishwa. Kwenda tu kwa sababu ndiko kwenye muziki ni kwenda kuuza maji Kariakoo ukiwa na kipaji. Utaniambia Diamond asili yake ni Kigoma. Sawa, lakini amekulia Tandale, hakushuka na begi. Mimi nakupa mfano wa huku: marehemu Shem Karenga alipigia Lake Tanganyika Jazz hapo Kigoma, akapanda kuja Tabora Jazz, na miaka ya 1970 nchi nzima ikamjua akiwa na bendi ya Tabora. Mji huu ulikuwa na Nyanyembe Jazz na Kiko Kids pia. Siku hizo ulihitaji Radio Tanzania ikurekodi. Siku hizi unarekodi chumbani na unapakia mwenyewe. Jaza kwanza ukumbi wa Kasulu, halafu wa Kibondo, halafu tuandikie tena.

Shangazi, nimeandika wimbo, maneno na sauti vyangu. Prodyuza anasema biti ni yake kwa hiyo wimbo ni wake. Sasa ananizuia kuupakia. – Msichana wa Ipuli

Biti ni yake, maneno na melodia ni vyako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya kila mtunzi tangu inapotungwa, na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo msigombane kama vile wimbo utaisha Ijumaa. Kaeni, mwandike asilimia: nani ana kiasi gani, nani anapakia, fedha inaingia kwa nani. Sainini mbele ya shahidi. Kisha usajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, majina yote mawili. Usichanganye na BASATA, baraza la sanaa. Kule unajisajili wewe kama msanii, huku unasajili kazi. Na wimbo unaofuata, karatasi itangulie kabla biti haijawashwa. Toleo la kwenye simu ulilojirekodi ukiwa unatunga, lile lenye kuku wanawika nyuma, usilifute. Lina tarehe.

Shangazi shikamoo. Binamu yangu anaoa Julai, Sikonge. Anataka bendi yangu yote, bure, kwa sababu sisi ni damu moja. Siku hiyohiyo kuna watu wa Tabora mjini wameshatoa advansi. Nikikataa nitasemwa ukoo mzima mpaka nizeeke. – Mpiga kinanda

Marahaba. Julai! Angekuwa anaoa Februari ningekuambia nenda hata na dansa. Julai ndiyo mwezi unaolipa ada za watoto.

Waliotoa advansi wameshachukua tarehe, hilo limekwisha, hata angekuwa anaoa baba yako. Tarehe inakwenda kwa aliyetangulia, na ukoo utaelewa jambo hilo kwa sababu hata mashamba wanagawana hivyo. Kinachobaki ni kwamba binamu anaweza kusogeza sherehe kwenda Ijumaa au Jumapili. Mpe tarehe zako zilizo wazi, mpe leo, kabla kadi hazijachapishwa.

Akikubali, neno bure mlipatie maana. Wewe ni ndugu, wenzako watano siyo ndugu zake. Nenda kwenye kikao cha kamati, ukae kwenye kiti kama wajumbe wengine, useme: mchango wangu ni mimi na kinanda changu, thamani yake ni kiasi hiki, naomba uandikwe kwenye orodha ya michango. Uandikwe kwa kalamu, pale wanapoandika mbuzi wa mjomba na mchele wa mama mdogo. Wapiga vyombo wengine walipwe posho, mafuta ya jenereta na gari la vyombo vitoke kwenye bajeti ya kamati. Ukishaingia kwenye orodha, hakuna atakayesema hukuchangia, na mwaka ujao ukioa wewe, mjomba wa mbuzi unamdai na anajua.

Halafu mwambie mwenyekiti wa chakula aandike sahani sita za bendi tangu mwanzo, nyama ikiwa bado ipo sufuriani.